Chetezo cha Nuseiba

Kabla babu zetu hawajapewa majina, mji wa Darizeni ulitawaliwa na Sultani Mudathir, mtu mwadilifu, aliyekuwa na mke mmoja, Bi Shinuna, na mtoto mmoja, Nuseiba, wa miaka tisa. Sultani akashikwa na maradhi yaliyowashinda matabibu wote, na alipoona mauti yamekaribia akamwita bintiye faraghani na kumpa chetezo cha fedha, akasema, "Mwanangu, humu mna jini niliyemfunga kwa kiapo. Nikishafariki, fukiza udi, naye ataniita, nami nitakuja niseme nanyi mara moja tu." Akataka kuongeza neno, lakini pumzi ikamwishia.

Nuseiba alitamani kufukiza siku ile ile. Lakini mamake alikuwa ameingia edani, eda ya miezi minne na siku kumi, na mjane aliye edani hagusi manukato wala hafukizi udi. Mtoto akawaza, "Nikimwona baba peke yangu, nitakuwa nimemdhulumu mama." Basi akakificha chetezo asimtie mama majaribuni, na akalia, na akasubiri. Subira huvuta heri, nami nimeusema sana msemo huo. Siku hizi nausema kwa sauti ndogo.

Eda ilipokwisha, Bi Shinuna akaoga na kuvaa nguo mpya, na Nuseiba akamletea chetezo, akamweleza yote, wakafukiza. Moshi ukapanda hadi darini, na humo akatoka jini, peke yake, ameinamisha kichwa.

"Yu wapi baba?" akauliza Nuseiba.

"Ewe binti wa bwana wangu, roho hupewa siku arobaini tu za kukaa karibu na jamaa zake. Zimekwisha pita."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Mimi mfungwa. Pasipo udi siwezi kutoka."

Bi Shinuna akauliza, "Na siku hizo arobaini, bwana wangu alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameketi mlangoni hapo, Bibi, akingoja kuitwa."

Bi Shinuna akamkumbatia mwanawe, akasema, "Ningaliivunja eda, mwanangu. Wallahi ningaliivunja."

"Nilitaka tumwone sote, mama."

Jini akawahurumia, akawapa makasha ya lulu na yakuti, na Nuseiba alipokua aliolewa na mwana wa mfalme kwa harusi ya siku saba. Lakini mlango ule hakuupita tena bila kusimama kidogo.

Hekaya yangu ni hiyo. Mwenye mzazi aliye hai na aende akamwamkie sasa hivi.