Ukuta Uliolia Baada ya Matanga

Bisha. Tena bisha kwa sauti, maana nawajua ninyi wasomi, hamwamini kitu mpaka kipigwe muhuri. Lakini huko Makete, kwenye baridi ya kugonganisha meno, kipande cha nailoni kilimfunga mdomo mwanamume mzima mbele ya ukoo wake. Soma mpaka mwisho, kisha mtumie yule ndugu yako anayeona wachawi kila kona.

Mjane mmoja, Atupele, alimzika mumewe mwezi wa sita. Matanga yalipoisha tu, ukuta wa chumba chake ukaanza kutoka maji. Kila asubuhi matone yalichuruzika, na ukungu mweusi ukatambaa hadi kwenye kitanda cha watoto.

Ilomo, kaka wa marehemu, akapata la kusema.

"Ukuta unalia. Ndugu yangu anamlilia huyu mwanamke aliyemmaliza."

Miezi minne wakamwimbia wimbo huo. Bombani wanawake walimpisha kama mwenye ukoma. Mwishowe kikao cha ukoo kikaamua: Jumapili atoke, nyumba ibaki kwa wenyewe. Watu wazima, wana ndevu, wanaongea upuuzi huo bila haya!

Fundi mwashi kijana, Ambakisye, aliposikia uamuzi huo damu ilimchemka. Shule aliacha darasa la tano, lakini kona ya nyumba huinyoosha hata ukimfumba macho. Akaingia kikaoni bila hodi.

"Wazee, nipeni siku mbili na kipande cha nailoni."

Ilomo akacheka. "Darasa la tano limekushinda, leo uje utufundishe sisi?"

"Ndiyo, mzee. Na ada sitaki."

Akaufuta ukuta ukakauka, akabandika nailoni, akaiziba kwa utepe pande zote nne.

"Maji yakitokea nyuma ya nailoni, yametoka ndani ya ukuta, nami nitambebea mizigo yake mimi mwenyewe. Yakitokea mbele, upande wetu, basi ni mvuke wa humu ndani: pumzi zao, sufuria zao, nguo wanazoanika."

Atupele akamvuta shati. "Fundi, ukikosea, nalala wapi na hawa watoto?"

"Dada, mimi sikosei."

Jumapili ukoo ukajaa chumbani. Mbele ya nailoni maji yalikuwa yanateremka. Ambakisye akaibandua. Nyuma yake palikuwa pakavu, pana vumbi la chokaa.

"Mzee Ilomo, gusa."

Ilomo akagusa. Akaangalia kidole chake, kikavu.

"Haya ndiyo machozi ya marehemu? Haya ni maji ya chai! Mvuke unatafuta pa kutokea, unakosa, unaugusa ukuta wa baridi unageuka maji. Matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya dirisha yako wapi?"

Atupele akadakia kwa hasira, "Shemeji aliagiza yazibwe siku ya msiba. Wageni waliolala humu walilalamikia baridi. Wakaondoka, hakuna aliyeyafungua."

Wazee wote wakamgeukia Ilomo. Ambakisye alikwishapanda juu ya stuli, nyundo na tindo mkononi, akayabomoa matundu yote manne. Halafu akaushindilia saruji ufa wa pembeni mwa fremu ya dirisha, maana upepo uliowatesa wageni ulipita hapo, wala si juu.

Wiki tatu, ukuta ukakauka. Ilomo aliomba radhi mbele ya watu wale wale, na Atupele yumo ndani ya nyumba yake hadi leo.

Mnampigia Ambakisye makofi? Acheni kwanza, kuna kipande nilikiruka. Ilomo aliagiza tu kupitia vijana wa msibani, wala hakujua walimwita fundi gani. Hata mwiko hajui kuushika. Aliyeyaziba matundu siku ya msiba, akapiga lipu mpaka alama isionekane, ni Ambakisye huyo huyo. Na Ambakisye ni mimi. Nilijua tangu tone la kwanza. Miezi minne nilisikia mama wa watu akiitwa mchawi, nikanyamaza nisije nikaitwa fundi mbovu. Nailoni ile niliitafuta ili nimtetee bila kujitaja, na Ilomo nikamwacha aaibike peke yake.

Funzo: Kabla hujamtafuta mchawi, kagua matundu ya hewa, na kama aliyeyaziba ni wewe, sema siku ile ile, kabla mwingine hajafukuzwa kwa kosa lako.