Moto wa Semkiwa

Paukwa. Niitikieni pakawa, lakini taratibu, kwa maana katika hadithi ya leo kuna maiti anayesubiri kusaliwa.

Ilikuwa Jumatano, siku ya saba ya mfungo tano, saa kumi na mbili na nusu ya jioni, jua limeshazama. Hiyo ndiyo saa mambo yalipobadilika. Lakini ili mwielewe, turudi nyuma kidogo.

Kale, watu na wanyama walipokuwa majirani wa kuombana chumvi, palikuwa na bonde moja lenye baridi kali. Katika bonde hilo hakuna aliyewasha moto wake peke yake. Jioni nyumba moja ilianza kutoa moshi, na wengine wakaja pale na vigae vyao kupalia. Unachukua kaa jekundu, unalifunika kwa majivu, unakwenda nalo kwako, na jirani wa mbele anakuja kupalia kwako. Hakuna aliyenyimwa moto, hata yule mliyegombana naye asubuhi. Ungesimama mlimani saa ya magharibi ungeona mianga midogo ikitembea kutoka mlango hadi mlango, nawe ungelitaja jina la Mola wako.

Basi mzee Kongoni, mkuu wa bonde, akafariki. Ikabidi achaguliwe mwingine, kila mmoja atumbukize kokoto lake katika chungu cha anayemtaka. Waliotaka kiti walikuwa wawili, Kozi na Ngiri.

Kozi alitua juu ya jiwe la mkutano, akakunja mbawa zake. "Mimi nimeona, ninyi hamjaona," akasema. "Nyuma ya mlima kuna magaidi. Nichagueni niwalinde."

Ngiri alipoona shingo zote zimemgeukia mwenzake, naye akasema kwamba macho si kitu, yeye alikuwa ameshawanusa, tena si nyuma ya mlima bali upande huu. Kozi akawaongeza. Ngiri akawasogeza. Mkutano wa kwanza magaidi walikuwa mlimani, mkutano wa pili walikuwa mtoni, mkutano wa tatu walikuwa nyuma ya nyumba za watu, na muda wote huo hakuna jani lililotikisika.

Kanga, ambaye hakujua kunyamaza, aliuliza hao magaidi wanafananaje, asije akamkaribisha mmoja uji bila kujua. Watu wakacheka. Kozi hakucheka.

"Hutembea magharibi," akasema. "Wamebeba moto."

Na bonde zima likatikisa kichwa, likakubali. Jamani, hakuna aliyekumbuka kwamba jana yake, magharibi, yeye mwenyewe alitembea amebeba moto. Kila mmoja alimfikiria mwenzake.

Kuanzia hapo milango ilifungwa kabla jua halijazama. Vigae vikakaa bure juu ya madari. Watu wakatafuna mahindi makavu na kulala wamekumbatiana. Moto ukabaki katika nyumba moja tu, ya Semkiwa na mkewe Namkunda, kwa sababu Namkunda hakuacha kufukia makaa yake kwenye majivu kila asubuhi.

Semkiwa alikuwa mtu wa utani. Jirani yake alikuwa Nyegere, na zamani kila jioni Semkiwa alimgongea akimwambia afungue, kwani amemletea mkewe moto huku mwenye nyumba amelala kama gogo. Nyegere naye alikula kwa Semkiwa kuliko alivyokula kwake. Sasa Kozi alikuwa amempa Nyegere rungu na kumwambia alinde njia.

Jumatano ile watoto wa Kanga walikuwa wakikohoa kwa baridi. Kikohozi kilivuka ua kikaingia nyumbani kwa Semkiwa. Namkunda alimsihi mumewe asitoke, alimkumbusha Kozi, alimkumbusha rungu.

"Nikikaa, mke wangu, nitawasikia mpaka alfajiri," Semkiwa akasema. Akachukua kigae, akatia kaa, akatoka.

Nyegere alikuwa amejibanza kwenye majani kando ya njia, rungu mkononi. Nyegere huyu hajawahi kumkimbia simba, lakini maneno ya Kozi yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye mifupa. Akaona mwanga unakuja. Akainuka, akapiga mara moja. Kaa likaanguka, likatoka majivuni, likang'aa, na kwa mwanga wake Nyegere akauona uso uliokuwa chini.

"Nyegere," Semkiwa akasema. "Watoto wa Kanga." Hakusema tena. Nyegere akatupa rungu, akakimbia.

Asubuhi maiti alilazwa kwenye jamvi nyumbani kwake, na Kozi akapanda juu ya jiwe.

"Alibeba moto jua limezama. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," watu wakajibu.

"Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," lakini safari hii sauti zilikuwa chache.

"Basi gaidi hasaliwi," Kozi akasema, "wala hachimbiwi kaburi na watu wema."

Namkunda alizunguka mlango kwa mlango siku nzima ya Alhamisi. Hakuomba chakula wala kisasi. Aliomba watu wa kumwosha mumewe, kumsalia na kumzika. Walimpa pole kupitia nyufa za milango. Hakuna aliyetoka.

Jua likashuka. Kozi alikuwa ameita mkutano wa mwisho, na watu wote walikuwa mbele ya jiwe. Namkunda akaenda pale mumewe alipoanguka, akapapasa kwenye majani yenye umande. Akalipata lile kaa, jeupe kama mfupa. Akapiga magoti, akasema bismillahi, akalipuliza. Kaa likawa jekundu.

Subhanallah. Usiku mmoja na mchana mmoja katika unyevu, na lilikuwa hai.

Akaliweka juu ya kigae kilekile, akapita katikati ya watu. Walimpisha bila kuambiwa. Akasimama chini ya jiwe.

"Kozi, jua limezama nami nimebeba moto. Mimi ni nani?"

Kozi akawaambia watu wampige. Hakuna mkono ulioinuka.

Namkunda akawageukia watu. "Mimi ni nani?" Akauliza mara ya tatu, polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Jirani zangu, mimi ni nani?"

"Wewe ni Namkunda," Kanga akasema. "Mke wa Semkiwa. Na moto huo ni wa wanangu."

Akaokota kigae, akapalia. Jirani yake akapalia kwake, na mwingine kwa huyo, na hata Ngiri akaja na kipande cha chungu, ameinamisha pua. Kozi akaruka juu. Akaona bonde lote linatembea na moto, mianga isiyo na idadi, mbingu imeshuka chini. Akafungua mdomo aseme ameona. Lakini safari hii walikuwa wameona wote.

Wa mwisho kuja alikuwa Nyegere, mikono mitupu.

"Shemeji," akasema, "ni mimi."

Namkunda alimtazama usoni. Kisha akavunja kigae chake vipande viwili, akagawa kaa, akampa.

"Moto sikunyimi," akasema. "Mengine ni yako na Mungu."

Nyegere akaenda kuchimba kaburi kwa kucha zake, na hakukubali kusaidiwa. Wanaume wakamwosha Semkiwa, wakamsalia, wakamzika kwa mwanga wa vigae.

Kiti Kozi hakukipata, ingawa chungu chake hakikukosa makokoto, maana wapo walioendelea kufunga milango mapema. Na mpaka leo Kozi akipita juu, Kanga hakimbii aliyebeba moto. Anakusanya wanawe na kumkimbia Kozi.

Hadithi yangu nimeilaza hapa, karibu na Semkiwa. Inueni mikono.

Ewe Mola, mrehemu mja wako aliyekufa amebeba moto wa watoto wa jirani. Mpanulie kaburi lake na ulitie nuru. Warehemu na wetu waliotoka jioni wasirudi, tunaowajua sisi, na wale unaowajua Wewe peke yako. Amina.