Shangazi Mboza na Supu ya Mzazi

Zamani, wajukuu zangu, zamani ile kuku alipokuwa na meno na mchawi akipiga hodi kabla ya kuingia, palikuwa na mji, na katika mji palikuwa na Shangazi Mboza, na Mboza alikuwa na tumbo. Msicheke. Tumbo liliingia mlangoni kwanza, yeye akafuata.

Siku mpwa wake Somoe alipojifungua mtoto wa kiume, mji mzima ulihamia ukumbini. Wakampokezana mtoto, wakagombania pua yake. Wa kwa baba wakasema pua yetu, wa kwa mama wakasema yetu. Hata mkunga, Bi Siwatu, akatoka chumbani kwenda kuamua kesi ya pua. Na Somoe je? Alilala peke yake, maana nani amtazame mzazi na pua ipo?

Mboza hakujali pua. Alijua supu ya mzazi ni kuku mzima na pilipili manga tele, na wazazi wengi hawamalizi. Akajikalisha kitandani karibu na bakuli, akangoja masalio. Akangoja. Somoe hakugusa. Mboza akala paja moja. Somoe kimya. Akala la pili. Kimya.

Hapo tonge likamkwama. Somoe huyu, tangu utotoni, hajapata kumwachia mtu paja la kuku.

"Mwanangu, mbona hunigombezi?"

"Shangazi, naona kiza. Nasikia baridi."

Mboza akafunua shuka. Damu ilikuwa imelowesha kanga mpaka godoro. Aliogopa, wanangu, aliogopa hadi njaa ikamtoka, jambo ambalo mji ule haujapata kuliona.

Akatoka mbio mpaka ukumbini, mfupa mkononi. "Siwatu, mzazi anakwisha damu nanyi mnapima pua. Mlete mtoto."

Bi Siwatu akaja mbio. Akasugua tumbo chini ya kitovu, akasugua, akasugua. Mtoto akawekwa titini anyonye. Hata tumbo likawa gumu na damu ikapungua. Somoe akafumbua macho.

"Shangazi, mapaja yangu yako wapi?"

Mboza akalia kwa furaha, akampa mfupa.

Basi mkienda kumwona mzazi, mwoneni mzazi. Akiwa baridi, akiona kiza, akivuja damu, mwiteni mkunga upesi. Pua ya mtoto haikimbii.

Kisa changu nimekifunika na sufuria; atakayefunua, aoshe vyombo.