Zimwi Lililokuja Kumla Mjinga

Mpo? Itikieni basi, hadithi haiwaendei waliolala!

Palikuwa na Bi Mashavu na bintiye Zuwena. Mtoto akikosea hesabu, mama humfokea, "Mjinga wee!" Akiharibu ukili wa mkeka, "Mjinga wee!" Akisahau shairi, "Mjinga wee!"

Kumbe kelele zile zilifika msituni. Zimwi likabisha hodi, mdomo wazi kama pango.

"Nasikia mna mjinga. Chakula changu hicho!"

"Mwanangu ana akili!" Bi Mashavu akalia, akimkumbatia.

"Binti, unajua kuhesabu?" zimwi likamuuliza Zuwena.

"Sijui, babu."

"Kusuka ukili?"

"Sijui, babu."

"Kughani shairi?"

"Sijui, babu."

Zimwi likajilamba. Zuwena akalitazama usoni, akaona shavu moja limevimba. "Pole, babu. Wewe huna njaa, jino linakuuma. Kama mama: hanifokei kwa hasira, anaogopa nitachekwa na watu."

Akalitia karafuu jinoni. Maumivu yakatulia, zimwi likacheka mpaka makuti ya paa yakatikisika.

"Huyu anayesoma mioyo ndiye mjinga? Basi yuko wapi aliyemwita hivyo? Sasa njaa imenishika kweli!"

Bi Mashavu alikwishaingia uvunguni mwa kitanda. Ikatoka sauti ndogo: "Zuwena, mwanangu mwenye akili, mwambie mama hayupo!"

Nami hadithi yangu naiacha huko huko uvunguni.