Vibuyu Vitatu vya Pimbi

Paukwa!

Pakawa.

Kulikuwa na nini?

Kulikuwa na kiu.

Kiu ya nani?

Ya kila mwenye koo.

Basi sogeeni. Mjukuu wangu Nyamvula, anayeandika programu za kompyuta, amenieleza kwamba ndani ya mashine ile kazi nyingi hukimbia kwa pamoja zikigombea kitu kimoja, na asipoziwekea ruhusa zenye hesabu, zinavurugana. Nikamwambia, mbona hayo ndiyo yaliyomkuta Pimbi?

Hapo zamani za kale, ukame uliishika nchi ya wanyama. Mito ikakauka, mabwawa yakakauka, hata umande ukakauka. Yakabaki maji ya pangoni tu, kwenye kilima alikoishi Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, asiye na mkia wala makuu.

Wanyama waliingia pangoni kwa kusukumana. Maji yakawa tope. Siku moja mtoto wa Digidigi akakanyagwa, akafa. Mama yake akambeba, akaondoka bila kunywa.

Wengine walilaumiana. Pimbi yeye alitaka kujua. Akapanda juu ya jiwe, akatazama. Akaingia mmoja, maji safi. Wakawa wawili, maji safi. Wakawa watatu, maji safi. Alipoingia wa nne, ukingo wa mwamba waliosimama juu yake ukatikisika, udongo ukaporomoka, maji yakachafuka. Akatazama tena siku nyingine, ikawa vilevile.

"Maji yanatutosha," akawaambia. "Ukingo ndio unaobeba watatu tu."

Akakausha vibuyu vitatu, akaziacha mbegu ndani, akavitia kamba, akavitundika mlangoni mwa pango. Akatoa sharti: asiye na kibuyu haingii. Chukua, kunywa, rudisha. Ukikuta hakuna kibuyu, huna haja ya kusukumana wala kuchungulia. Jilalie kwenye foleni. Kibuyu kikitundikwa, mbegu zitalia, na aliye mbele ataamka.

Ikawa hivyo. Hata Simba alilala akingoja.

Sasa, pango lilikuwa na tundu la nyuma. Siku moja Ngiri alikunywa, akaona kurudi mlangoni ni mbali, akatokea nyuma na kibuyu shingoni, akijiambia atakirudisha kesho. Vikabaki viwili. Nyegere akamwona, naye akafanya hivyo hivyo. Kikabaki kimoja. Fisi akachukua cha mwisho, akatokea nyuma, wala hakusema kesho.

Wanyama wakalala wakingoja mbegu zilie. Jua likapanda, jua likashuka, mbegu hazikulia. Ndani ya pango hamna mtu, maji yametulia tuli, na nje viumbe wanakaukiwa. Nyumbu, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akasema wakaushe vibuyu vingine vitatu.

"Tusiongeze kabla hatujajua vile vimekwenda wapi," Pimbi akasema. "Vikirudi, je?"

Nyumbu akamuuliza kama kiu ya watoto inasubiri maswali. Pimbi akaomba wamngoje, akakimbia kufuata nyayo zilizotoka kwenye tundu la nyuma.

Akafika kwa Ngiri. "Ngiri, umemaliza kunywa?"

"Nimemaliza."

"Basi kibuyu kinafanya nini shingoni?"

Ngiri akaona haya, akakivua.

Akafika kwa Nyegere, akamuuliza hivyo hivyo. Nyegere akanung'unika, akakivua.

Akafika kwa Fisi. "Fisi, umemaliza kunywa?"

"Bado," akasema Fisi. "Ya leo nimekunywa. Ya kesho sijanywa, na ya kesho kutwa sijanywa. Nikikirudisha nitapanga foleni kama wengine."

Pimbi akakaa chini mbele yake. "Mama Digidigi amelala mlangoni, hawezi tena kusimama. Mtoto wake alikufa kwa sababu tuliingia wengi. Yeye anakufa kwa sababu haingii mtu."

Fisi akakivua, akakiweka chini bila kumtazama.

Pimbi akarudi mbio, vibuyu vitatu vikilia kifuani. Waliolala wakasikia mbegu. Watatu wa mbele wakaamka, wakavinyakua, wakaingia. Pimbi akawapigia kelele warudi, kwa maana alikuwa ameona maganda ya vibuyu vipya yametapakaa mlangoni. Nyumbu hakumngoja, alikwisha kutengeneza vibuyu vingine vitatu. Yeye na wenzake wawili walikuwa ndani tayari.

Wakawa sita. Ukingo ukapasuka.

Watano wakatoka wakitambaa. Nyumbu alibanwa na jiwe, mguu umevunjika. Pimbi, kwa udogo wake, akapenya kwenye tope, akamfunga kamba, wakamvuta.

"Nilidhani vibuyu ndivyo vinavyotupa nafasi," Nyumbu akasema akihema.

"Nafasi ni ya mwamba," Pimbi akamjibu. "Kibuyu kinaihesabu tu."

Maji yalipotulia, Pimbi akapanda tena juu ya jiwe, akatazama. Akaingia mmoja, maji safi. Wakawa wawili, mwamba ukalia. Basi wakavunja vibuyu vitano, wakabakiza kimoja. Tundu la nyuma wakaliziba kwa mawe, ili aingiaye mlangoni atoke mlangoni. Fisi mwenyewe alibeba mawe, na hakuna aliyemtuma.

Kibuyu kile akavishwa Mama Digidigi. Wakamshika ubavuni hadi mlangoni, akaingia peke yake, taratibu. Nje wakalala, masikio wazi. Wakangoja. Wakangoja. Wakangoja.

Chaka-chaka, mbegu zikalia mlangoni. Aliyekuwa mbele akaamka, akachukua kibuyu.

Hadithi yangu imekoma hapo, na fundisho lake ni hili: penye kitu kimoja na wenye haja wengi, hesabu nafasi ilivyo kweli, na ukishamaliza rudisha, maana kuna asiyeweza kuamka mpaka wewe urudishe. Mimi koo limenikauka. Birika la chai ni moja humu ndani, na tangu niseme paukwa liko mapajani kwa Nyamvula.