Kadi Mbichi ya Bi Kindi

Lambeni kidole, mwape: haya hayatoki humu jikoni. Nimewaambia nyinyi tu. Nyinyi, na mama wa maandazi, na mkwewe, na yule fundi cherehani. Basi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba, majiko na timu za kandanda, refa wao alikuwa Bi Kindi, kimo chake kiganja tu. Kazi ilimwia ngumu kwa ajili ya beki mmoja, Sokwe.

Sokwe akimkata mtu mtama, puu!, huinua viganja vyote viwili: "Sijamgusa, refa!" Na Bi Kindi akipapasa mfukoni, kadi ya njano haipo. Imeibwa, mwizi hajulikani.

"Refa bila kadi ni mtazamaji," Sokwe humcheka. "Kakae na wenzako, shangazi!"

Ndiyo sheria ya msitu: bila kadi hakuna onyo. Kaka zake Swala, mshambuliaji mdogo, walikuwa wameshavunjwa miguu, na siku ya fainali akabaki yeye, kitindamimba.

"Shangazi, leo ni zamu yangu?" aliuliza.

"Cheza, mwanangu. Nipo."

Asubuhi ile Bi Kindi alitwanga manjano mabichi jikoni kwake, twa! twa!, akayapaka kwenye kipande cha gamba la mgomba mpaka kikalowa. Hiyo ndiyo kadi. Wakati wa mapumziko akalitundika shati tawini, kadi mfukoni, akaenda kunywa maji, mgongo kawapa wote.

Kipindi cha pili, Swala akapiga chenga, huyooo golini! Puu! Chini.

Pyuuuu! Bi Kindi akafika mbio. "Sokwe, njoo hapa. Peke yako." Akapapasa mfuko. Mtupu.

"Kadi iko wapi, shangazi?" Sokwe akauinulia umati viganja. "Sijamgusa mtu! Sijagusa kitu!"

Tembo akasahau kupepea masikio. Twiga akainamisha shingo yote ile. Viganja vya Sokwe vilikuwa vinawaka njano, mpaka kucha! Akavisugua kifuani, kifua nacho njano.

"Lo!" Tembo akanong'ona. "Kamfanyaje?"

Swala akainuka, anachechemea, mdomo wazi.

"Ahsante, baba," akasema Bi Kindi taratibu. "Kadi umejionyesha mwenyewe. Kiganja hiki cha mtama, hiki cha wizi. Njano mbili. Nje!"

Mmeona, wajukuu? Udogo haumzuii refa kutoa onyo, ilimradi akili yake imetangulia uwanjani.