Gari la Mbazi Mshona Nguo

Mng'arisha gari hukuta watu wametawanyika.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi ndiye aliyeisema methali hiyo asubuhi ile, akiwakaripia waliochelewa kikaoni, na vijana waliokuwa wakimenya ndizi uani kwa Bibi Nakunda wakacheka. Walidhani ameitunga papo hapo. Bibi Nakunda hakucheka. Alifuta utomvu mikononi, akasema maneno hayo yana wenyewe, na siku yalipotamkwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kucheka. Vijana wakamwomba awaeleze. Chanzo chake, akasema, ni hiki.

Kabla simu hazijafika milimani, palikuwa na fundi cherehani huku chini Hedaru, jina lake Mbazi. Alikuwa mtu mpole, na alishona vizuri kupita wenzake, lakini nguo yake haikutoka dukani mpaka uzi wa mwisho ukatwe na pasi ipite juu ya kila mshono. Ukimhimiza, alikujibu taratibu, "Nguo ikitoka hapa inatembea na jina langu." Watu walinung'unika wakaenda zao, na kesho yake wakarudi.

Mke wake aliitwa Nakiete, kitinda mimba wa nyumba moja ya Ikombo, kule juu kabisa. Siku alipoolewa, gari la kukodi lilikwama njiani, ikabidi maharusi washuke mlima kwa lori la tangawizi, wamekaa juu ya magunia. Nakiete mwenyewe hakuona ubaya. Alishikilia shela lisipeperuke, akacheka kila lori liliporuka, na harufu ya tangawizi ilikaa kwenye gauni lake muda mrefu, naye akaipenda. Lakini kaka yake, Senkondo, hakuwa mtu wa kuacha utani upite bila kuushika. Alisimama mbele ya wazee akauliza, "Shemeji, huyu unamwoa, au unampeleka sokoni pamoja na tangawizi?"

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbazi naye alicheka. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko, "Shemeji, nikipanda tena mlima huu, nitapanda kwa gari langu."

Mtu akisema neno la namna hiyo ukweni, mbele ya wazee, amejifunga. Nakiete alilijua hilo. Mama yake pia alilijua, ndiyo maana alimshika mwanawe mkono akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe njoo tu, mwanangu. Mimi sitazami umepanda nini."

Miaka ikapita. Mbazi hakupanda mlima, na Nakiete alikwenda mara chache, kila mara akirudi akimkuta mumewe amenyamaza kama mtu aliyetukanwa. Ndipo mganga mmoja mstaafu wa zahanati alipohama, akaacha gari dogo la zamani nyuma ya nyumba. Kuku walikuwa wakitagia kwenye viti vyake. Mbazi alilichukua kwa kumshonea mwenyewe suti na watoto wake sare, likavutwa na ng'ombe mpaka uani kwake.

Hakuwa fundi wa magari. Alichojua alikipata kwa kuchungulia gereji na kuuliza maswali mpaka mafundi wakamkimbia. Lakini mikono yake ilikuwa na subira. Alifungua kila kitu, akakiosha kwa mafuta ya taa, akakipanga juu ya kitambaa cheupe kama vipande vya koti linalosubiri kuunganishwa. Viti alivishona upya kwanza, kabla gari halijawa na injini ya kuliendesha, na vilikuwa viti vizuri mno. Jioni alilifunika kwa turubai. Majirani wakaliita Bibi Harusi.

"Fundi, Bibi Harusi atatoka ndani lini?" waliuliza wakipita.

"Bado anapakwa hina," Nakiete aliwajibu yeye, ili mumewe asijibu kwa hasira.

Yeye ndiye aliyemsaidia. Alikaa kwenye usukani akikanyaga breki na kuachia kadiri Mbazi alivyomwagiza kutoka chini ya gari. Alijifunza kutofautisha spana kwa kuzishika tu. Miguu ya mumewe ikiwa imechomoza nje ya gari na sauti yake ikitoka uvunguni ikimsimulia mambo ya siku, Nakiete alihisi kwamba hajawahi kupendwa zaidi ya hapo.

Kisha gari likawaka. Lilikohoa, likatoa moshi uliowafukuza kuku wote wa mtaa, likatulia likaanza kunguruma. Waliliendesha mpaka sokoni na kurudi. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine, na boneti lilikuwa na madoa ya kutu, lakini lilikwenda, likasimama lilipoambiwa lisimame. Nakiete alipiga makofi kama mtoto.

Wiki hiyohiyo mama mmoja muuza tangawizi alishuka kutoka Ikombo, akapita dukani. "Nakiete, mama yako haendi tena shambani. Kifua kinamsumbua. Anakuulizia."

"Tutakwenda Jumamosi," Mbazi alisema kabla mkewe hajafungua kinywa. "Tena kwa gari letu."

Nakiete alifurahi. Alifunga kanga mpya na sukari kwenye furushi. Lakini Ijumaa alimkuta mumewe akisugua ule mlango wa kijani kwa msasa.

"Siwezi kumpelekea Senkondo gari la viraka," alisema. "Atasema nimelishona."

Nakiete akacheka, kwa sababu ni kweli Senkondo angesema hivyo. Jumamosi ikapita, rangi ikikauka. Ilipokauka ilikuwa buluu safi, ukijitazama unajiona. Mbazi akaliwasha, akainamisha sikio juu ya injini, akakunja uso.

"Unasikia? Kuna kitu kinagonga."

Nakiete alisikiliza. Hakusikia kitu. "Si ndivyo lilivyokuwa siku ile tulipokwenda sokoni?"

"Kwa huku bondeni, sawa. Kule kwenye kona litatuaibisha."

Akaifungua injini iliyokuwa ikifanya kazi. Na kama ilivyo kawaida ya vitu vya zamani, alipoinua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, gasketi inayoziba chini yake ikachanika vipandevipande mkononi mwake. Nyingine ikabidi iagizwe Tanga, kwa mtu wa basi, na mtu wa basi akaja bila nayo, akaenda tena.

Siku hizo ndizo lile lori la tangawizi lilipoleta ujumbe wa pili. Mama yake Nakiete alikuwa hali kitu tena ila uji. Kila siku alikuwa akitaja jina moja.

Nakiete aliinuka. Aliingia ndani, akachukua furushi lake, akavaa viatu. Lori lilikuwa limesimama barabarani likipakia magunia matupu, na dereva alipiga honi kuwaita abiria. Alipotoka uani, Mbazi alikuwa amesimama kando ya gari, mikono yake myeusi kwa grisi ameiinua mbali na shati.

"Unakwenda," alisema.

"Mama ananiita, Mbazi."

"Gasketi inakuja kesho kutwa. Nafunga, tunaondoka. Nimekuomba siku mbili tu."

"Uliniomba Jumamosi. Sasa ni Jumamosi ya ngapi?"

Mbazi alitazama chini. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo, na hapo ndipo alipomshinda mkewe, maana angefoka, Nakiete angeondoka. "Ukifika kule juu ya magunia, peke yako, watauliza mumeo yuko wapi na gari lake liko wapi. Sitakuwa tena na uso wa kupeleka Ikombo. Nimelitengeneza kwa ajili ya nani, Nakiete?"

Dereva akapiga honi tena. Nakiete alimwona mumewe jinsi alivyokonda, jinsi kucha zilivyoharibika, mtu aliyekuwa na mikono safi kuliko wanaume wote wa Hedaru. Akafikiri, siku mbili. Mama amengoja mengi, atangoja siku mbili. Akaliweka furushi juu ya kiti kile kizuri cha gari. Lori liliondoka, naye alilisikiliza likibadilisha gia kwenye mwinuko wa kwanza, na wa pili, mpaka sauti ikamezwa na mlima.

Gasketi ilikuja. Mbazi alifunga injini, na asubuhi na mapema wakaondoka. Gari lilipanda vizuri. Halikuchemsha, halikugonga, kona zote zile lilizikata kama kijana. Mbazi aliimba. Nakiete alikaa mbele na furushi mapajani, akihesabu vijiji moyoni.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha kule juu, na barabara ilikuwa tope. Walipofika kijito cha mwisho, Ikombo ikiwa nyuma ya kilima tu, Mbazi akasimamisha gari.

"Tumefika kabisa," Nakiete alisema. "Kwa nini unasimama?"

"Litazame lilivyo. Ndivyo litakavyoingia?" Tayari alikuwa ameshika ndoo. "Dakika chache."

Akachota maji, akaosha magurudumu, akafuta milango, akarudia vioo kwa kitambaa kikavu. Nakiete alisimama kando ya maji. Kutoka ng'ambo ya kilima alisikia watu wakiimba wimbo wa kanisani, sauti nyingi, polepole. Haikuwa Jumapili. Alitaka kusema jambo, akaogopa kulisema. Baadaye wimbo ukakoma, akausikia ukimya, na kitambaa cha mumewe kikilia juu ya kioo.

Walipozunguka kilima, walikutana na watu wakiteremka. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni, wanaume wamebeba makoleo. Walipanda kwenye majani kulipisha gari. Walilitazama likipita, buluu, liking'aa, na hakuna aliyepunga mkono. Mbazi alikuwa ameweka mkono juu ya honi. Aliuondoa.

Uani, vijana walikuwa wakirudisha mabenchi ya kanisa. Nyuma ya nyumba palikuwa na udongo mbichi.

Senkondo alikuja, macho mekundu. Mbazi alishuka akangoja neno kali, na pengine alilitamani. Senkondo alimpa mkono tu. Kisha akamgeukia dada yake.

"Tulimtuma mtu kwa njia ya mkato jana jioni, nadhani mvua ilimzuia. Naona mmepishana. Tumekungoja, Nakiete. Wazee waliliona wingu, wakasema mvua itaingia kaburini. Hata sasa hivi ndiyo tumemaliza."

"Sasa hivi," Nakiete alirudia.

"Alikuwa ametuambia tusogeze kitanda chake mlangoni. Lori la tangawizi likipiga honi, alikuwa akiuliza, 'Ameshuka?' Tukimwambia bado, anasema, 'Basi, la kesho.'"

Nakiete hakupiga yowe. Alikwenda akakaa chini pale mlangoni, akafungua furushi, akaitandaza ile kanga mpya magotini mwake, akailaza vizuri kwa kiganja, tena na tena. Mbazi alisimama mbali naye. Kitambaa cha kufutia vioo kilikuwa bado mkononi mwake, na hakujua akiweke wapi.

Bibi mmoja mkongwe, jirani ya marehemu, aliyekuwa akiosha masufuria, aliwatazama wote wawili, kisha gari. Hakusema kwa kukejeli. Alisema kama mtu anayejisemea, "Mng'arisha gari hukuta watu wametawanyika."

Matanga yalipokwisha, Nakiete alimuaga kila mtu. Mbazi alimfungulia mlango wa gari. Yeye alimwambia kwa upole, "Tangulia, au fuata, vyovyote," akaenda kupanda lori la tangawizi, akakaa juu ya magunia. Hawakuachana, walizeeka pamoja. Lakini siku hiyo Mbazi aliliendesha gari lake mlima mzima nyuma ya lori, kiti cha pembeni kitupu, akila vumbi lake. Walipofika Hedaru, hapakuwa na mtu awezaye kusema rangi yake ilikuwa ipi.

Bibi Nakunda alirudi kwenye ndizi zake. Vijana nao wakashika visu vyao. Hatimaye mmoja wao, msichana, aliirudia methali ile polepole, bila kucheka: mng'arisha gari hukuta watu wametawanyika.